Mutoto wa Jicho na Mufereji wa Maji ya Jicho

Kila mutu katika vijiji vyetu anajua ugonjwa unaoitwa mutoto wa jicho. Muzee anaanza kuona kama mutu anayetazama katikati ya moshi wa jikoni. Nyuma ya miaka michache moshi unakuwa ukungu, na ukungu unakuwa ukuta. Mwisho wake mutoto mudogo anamushika fimbo na kumuongoza njiani. Watu wanajua tena kwamba munganga wa macho anaweza kupasua jicho lile, kutoa kitu kilichoharibika, na muzee anaona tena wajukuu wake. Habari hiyo ni ya kweli, na ni ya furaha.

Lakini kuna jambo lingine ambalo watu wengi hawajalisikia. Kazi ya munganga siku ile haisaidii kuona tu. Inagusa vilevile mufereji mudogo sana ambao maji ya ndani ya jicho yanatokea. Mufereji ule ukiziba, jicho linaweza kufa kabisa, na hakuna munganga katika dunia anayeweza kulifufua. Kwa sababu hiyo inafaa kila mutu aliye na mutoto wa jicho, na kila mutu aliye na muzazi muzee nyumbani, ajue namna mufereji huo unavyofanya kazi, na namna kazi ya munganga inavyoweza kuusaidia au kuusumbua.

MAJI YA NDANI SI MACHOZI

Machozi yanaosha jicho upande wa inje. Maji tunayosema hapa yako ndani, na hayatoki inje kwa shavu. Ni maji safi sana, yanayolisha sehemu za jicho zisizo na damu. Yanalifanya jicho lisimame vizuri, kama upepo unavyosimamisha mupira. Mupira usio na upepo unalegea. Mupira wenye upepo mwingi kupita kiasi unapasuka. Jicho pia linataka kiasi.

Fikiri nyumba ya vyumba viwili vinavyotengwa kwa pazia. Katika chumba cha nyuma kuna chemchemi ndogo. Pazia lina tundu katikati yake. Maji yanatoka katika chemchemi, yanapita katika tundu la pazia, yanaingia katika chumba cha mbele, kisha yanatoka kwa mufereji ulio pembeni kabisa, pale pazia linapokutana na ukuta. Jicho ni vilevile. Pazia ni ile sehemu yenye rangi. Tundu ni mboni, lile tundu jeusi katikati. Chumba cha mbele ni nafasi iliyo kati ya pazia na kioo cha mbele cha jicho. Mufereji uko katika pembe, kuzunguka jicho lote.

Mbele ya mufereji kuna wavu mudogo sana, kama kitambaa cha kuchujia maji. Maji yanapita katika wavu ule, yanaingia katika mufereji, kisha yanaingia katika mishipa midogo ya damu na kurudi mwilini. Mufereji ule unaitwa mufereji wa Schlemm, kwa sababu mwalimu mumoja wa Berlin, jina lake Friedrich Schlemm, aliueleza katika mwaka 1830.

Chemchemi ya jicho haikauki muchana wala usiku. Maji yake ni kidogo. Kwa siku nzima hayajazi kijiko kidogo cha chai. Lakini yanatoka bila kupumzika, na maji ya chumba cha mbele yanabadilishwa yote kwa muda wa karibu saa mbili. Basi unaweza kufahamu hatari iliyopo. Kama chemchemi inaendelea na mufereji umeziba, maji yataenda wapi? Yatabaki ndani, na nguvu yake itaongezeka. Yatasukuma kila upande, na sehemu inayoumizwa zaidi ni mushipa wa kuona, ulio nyuma ya jicho. Mushipa ule ndio unaopeleka habari za jicho kwa ubongo. Ukifa, haupone.

Ugonjwa wa mushipa ule unaitwa glokoma. Waganga wanapima nguvu ya maji kwa chombo, na wanaandika namba. Kwa watu wengi wasio na ugonjwa, namba hiyo ni kati ya 10 na 21.

KIOO KINACHOVIMBA

Nyuma ya pazia kuna kioo kidogo cha jicho, kinachokusanya mwangaza. Mutu akiwa kijana, kioo hicho ni cheupe kama maji ya chemchemi, na unene wake haufiki milimita 4. Lakini kioo hicho kinaongezeka katika maisha yote ya mutu. Katika muzee, unene wake unaweza kufika milimita 5. Kioo kinapopata ukungu, ndiyo tunasema mutoto wa jicho.

Sasa rudi katika nyumba yetu. Tuseme nyuma ya pazia umeweka gunia la mahindi, na gunia limelowa maji. Mahindi yanavimba. Gunia linasukuma pazia mbele. Pazia linakaribia ukuta, na pembe ile yenye mufereji inakuwa nyembamba. Kwa watu wengine pembe inabaki wazi hata katika uzee. Lakini kwa watu wengine, zaidi wale waliozaliwa na jicho fupi, pembe inafungwa, na maji hayaoni njia.

Kuna wakati kioo kinavimba kwa haraka. Hapo pazia linabandikwa juu ya wavu, na nguvu ya maji inapanda mara moja. Jicho linakuwa jekundu, linauma sana, kichwa kinauma upande ule, mugonjwa anatapika, na kioo cha mbele kinakuwa kama kioo chenye mvuke. Mara nyingi jamaa wanafikiri ni malaria au ugonjwa wa tumbo, kwa sababu wanaona matapishi. Wanampa dawa ya malaria, na siku zinapita. Ndugu, siku zile ndizo mushipa wa kuona unakufa.

Kuna tena shida ya pili. Mutoto wa jicho akiachwa miaka mingi anakomaa kupita kiasi, kama tunda linalooza juu ya muti. Ngozi yake inavuja, na uchafu wake unaingia katika maji ya jicho. Mwili unatuma chembe zake za damu nyeupe kusafisha uchafu ule. Chembe zinajaa uchafu, zinanenepa, na zinaziba matundu ya wavu. Hapa pembe ni wazi, lakini wavu umejaa takataka, na maji hayapiti.

Kwa hiyo lile shauri la zamani linalosema, “Ngoja mpaka mutoto wa jicho akomae vizuri, ndipo uende,” si shauri jema. Katika siku za babu zetu lilikuwa na sababu, maana kazi ya wakati ule ilikuwa ngumu zaidi. Leo halina sababu. Mugonjwa aende wakati ukungu unapoanza kumuzuia kazi zake: kushona, kusoma, kupalilia, kutembea njiani bila kujikwaa.

KAZI YA ZAMANI NA KAZI YA SASA

Tangu zamani sana, katika inchi nyingi, watu walijaribu kusaidia vipofu kwa kuingiza sindano katika jicho na kusukuma kioo kianguke nyuma. Mugonjwa aliona mwangaza mara moja, akafurahi, akalipa. Lakini kioo hakikutoka. Kilibaki ndani, kinaelea. Mara nyingi jicho lilivimba, usaha uliingia, au njia ya maji iliziba, na nyuma ya wakati mufupi mutu alikuwa kipofu tena, na safari hii bila tumaini. Katika sehemu fulani za Afrika watu wanaotembea na sindano kama hizo wako hata leo. Musikubali wawaguse.

Katika mwaka 1747 munganga mumoja wa Ufaransa, Jacques Daviel, alitoa kioo chote inje ya jicho. Hiyo ilikuwa njia mupya. Tena katika mwaka 1949 munganga Harold Ridley, kule London, aliweka kioo cha kutengenezwa ndani ya jicho la mugonjwa kwa mara ya kwanza. Katika mwaka 1967 munganga wa Marekani, Charles Kelman, alionyesha namna ya kuvunja kioo kilichoharibika kwa chombo kinachotetemeka sana, na kukivuta kwa tundu dogo.

Wazee wetu waliopasuliwa katika miaka ya 1950 na 1960 walijua namna ilivyokuwa. Kidonda kilikuwa kikubwa. Mugonjwa alilala chali siku nyingi, na mifuko ya muchanga iliwekwa kila upande wa kichwa asigeuke. Alipotoka alipewa miwani minene kama chini ya chupa. Kidonda kikubwa kama kile kiliweza kuleta makovu pembeni, na pazia kushikamana na ukuta juu ya mufereji. Kwa sababu hiyo waganga walikata tundu dogo katika pazia, kusudi maji yapate njia nyingine ya kufika mbele.

Leo kidonda ni kidogo. Katika hospitali nyingi za Afrika munganga anapasua njia fupi, yenye kujifunga yenyewe, mara nyingi bila kushona. Anafungua ngozi ya kioo kwa upande wa mbele, anatoa kilichoharibika, anaacha ngozi ya nyuma, na juu yake anaweka kioo kipya. Mugonjwa wengi wao hawalali usingizi wa dawa. Jicho tu linatiwa ganzi.

MUFEREJI UNAPATA FAIDA GANI?

Kioo cha zamani kilikuwa na unene wa milimita 4 au 5. Kioo kipya kina unene wa karibu milimita 1 tu. Ni kama kutoa gunia lililovimba na kuweka sahani mahali pake. Pazia linarudi nyuma. Chumba cha mbele kinakuwa kikubwa. Pembe inafunguka, na maji yanaona mufereji tena.

Faida haiko kwa watu wenye pembe nyembamba tu. Waganga wameona kwamba hata katika jicho lenye pembe wazi, nguvu ya maji inashuka kidogo nyuma ya kazi hii. Kwa nini? Wanafikiri sababu ni zaidi ya moja. Kioo kimefungwa kwa nyuzi nyembamba zinazoshikamana na ukuta wa jicho karibu na mufereji. Kioo kilichonenepa kinageuza mavuto ya nyuzi zile. Kinapotolewa, nyuzi zinavuta nyuma, wavu unatandazwa, na mufereji unapanuka. Kwa vyombo vya kupiga picha ndani ya jicho, waganga wamepima mufereji wa Schlemm mbele ya kazi na nyuma yake, na wameuona umepanuka. Inawezekana tena kwamba maji yanayopitishwa wakati wa kazi yanaosha wavu, na kwamba chembe za wavu zinaamka na kujisafisha.

Katika mwaka 2012 waganga wa Marekani walitangaza hesabu ya watu waliokuwa na nguvu ya maji kupita kiasi, lakini mushipa wao wa kuona haukuwa umeharibika. Wale waliopasuliwa mutoto wa jicho, namba yao ilishuka kutoka karibu 24 mpaka karibu 20. Wale wasiopasuliwa, namba yao ilibaki karibu palepale. Tena katika mwaka 2016 hesabu nyingine ilitangazwa, ya watu 419 wa Uingereza, Asia na Australia, wenye miaka 50 au zaidi, ambao pembe ya jicho lao ilikuwa imefungwa. Wengine walitolewa kioo hata kama hakikuwa na ukungu. Wengine walitobolewa pazia kwa mwangaza wa lezeri na kupewa dawa ya matone. Wale waliotolewa kioo waliendelea vizuri zaidi, na hawakuhitaji dawa nyingi kama wale wengine.

LAKINI SIKIA NENO HILI

Mutu asiseme, “Nina glokoma, basi nikitolewa mutoto wa jicho nitapona.” Hapana. Kati ya watu weusi wa Afrika, glokoma iliyo nyingi ni ile ya pembe wazi. Pembe iko wazi, lakini wavu wenyewe umechoka. Haiumi. Haileti wekundu. Inaiba kuona kwa pembeni, polepole kama mwizi wa usiku, mpaka mutu anabaki kama anayetazama katika tundu la mwanzi. Kutoa mutoto wa jicho kunaweza kupunguza nguvu ya maji namba mbili au nne hivi, na faida hiyo inaweza kupungua miaka inapopita. Kwa jicho lenye glokoma kali, haitoshi. Mutu yule atahitaji dawa ya matone kila siku, au kazi nyingine ya kufungulia maji njia.

Tena, magonjwa haya mawili yanaweza kukaa katika jicho moja. Tuseme muzee ana mutoto wa jicho mweupe, na nyuma yake glokoma imekwisha kuua mushipa. Munganga anatoa kioo, anaweka kipya, kazi ni safi, lakini muzee haoni. Jamaa wanakasirika na kusema, “Hospitali imemuharibu.” Kumbe mushipa ulikufa miaka mingi mbele. Kwa sababu hiyo munganga anapima kwanza: anaangalia kama jicho linajua mwangaza unatoka upande gani, anapima nguvu ya maji, anatazama pembe kwa kioo kidogo cha pekee. Akikuambia wazi kwamba faida itakuwa ndogo, usimuchukie. Amekuambia ukweli.

SIKU ZA KWANZA

Katika saa za kwanza nyuma ya kazi, mufereji unaweza kusumbuka. Munganga anatumia ute mweupe kama maji, ili kulinda jicho wakati anapofanya kazi. Mwisho anauosha, lakini kidogo kinaweza kubaki na kuziba wavu. Nguvu ya maji inapanda, zaidi kati ya saa 4 na saa 8 nyuma ya kazi, na mara nyingi inashuka yenyewe kesho yake. Kwa mutu mwenye mushipa muzima, si neno kubwa. Kwa mutu mwenye glokoma ya siku nyingi, saa zile chache zinaweza kumunyanganya kuona kidogo kulikobaki. Kwa hiyo, kama ulikuwa ukitumia dawa ya glokoma, umwambie munganga mbele ya kazi. Usifiche. Na usiache dawa ile kwa kufikiri kwamba sasa umepona. Ngoja yeye aseme.

Kuna hatari ya pili. Nyuma ya kazi utapewa matone ya kupunguza uvimbe. Mengi yao ni dawa ya namna ya kortizoni. Ni dawa njema kwa majuma machache. Lakini kwa watu wengine, ikitumiwa muda murefu, inafunga wavu polepole, na nguvu ya maji inapanda bila maumivu. Kuna watu wanaomaliza chupa, wanaona jicho limetulia, wanakwenda sokoni kununua nyingine, na wanaendelea mwaka muzima. Wengine wanamugawia jirani. Hii ni njia ya upofu. Maliza dawa uliyopewa, kwa hesabu uliyopewa, kisha acha.

MASHAURI KWA MUGONJWA NA JAMAA YAKE

1. Usingoje mutoto wa jicho akomae. Uende mapema.

2. Jicho jekundu, lenye maumivu makali, pamoja na kutapika na kuona ukungu: ni jambo la leo, si la kesho. Ufike hospitalini siku ile ile.

3. Kisha kupasuliwa, usisugue jicho. Lifunike wakati wa kulala. Usibebe muzigo muzito, wala kuinama kupiga jembe, mpaka munganga akuruhusu.

4. Osha mikono kwa sabuni mbele ya kutia matone. Ncha ya chupa isiguse jicho. Usitie maji ya majani, maziwa ya mama wala dawa ya kienyeji.

5. Maumivu yakizidi baada ya kupungua, au kuona kukirudi nyuma, au usaha ukitokea, rudi upesi, hata kama siku yako haijafika.

6. Rudi siku uliyoandikiwa, hata kama unaona vizuri. Munganga hatazami kuona tu. Anapima tena nguvu ya maji.

7. Kama baba, mama, kaka au dada ana glokoma, wewe pia upimwe, zaidi ukipita miaka 40. Ugonjwa huu unafuata jamaa.

Ninyi wazee wa kanisa na mama wa ushirika, munaweza kusaidia sana. Munapotembelea nyumba, munakuta kipofu ameketi nyuma ya mulango, na jamaa wanasema, “Ni uzee tu.” Muulize: amekaa hivyo muda gani? Munganga amemuona? Uzee peke yake haufungi macho. Mara nyingi kinachokosa ni mutu wa kumushika mukono njiani na chakula cha siku chache hospitalini. Kikundi kidogo kinaweza kutengeneza mambo hayo mawili.

Na wewe uliye mugonjwa, siku ya kupimwa, uliza namba ya nguvu ya maji katika kila jicho, la kuume na la kushoto. Omba iandikwe juu ya fishi yako, pamoja na tarehe. Namba moja haisemi mengi. Lakini namba za miaka mitatu zikipangwa mustari moja zinaonyesha kama mufereji wako unafanya kazi au unachoka. Kwa hiyo fishi ile usiifungie chumvi wala tumbako. Iweke mahali pakavu, na kila safari uje nayo.